Sibawayhi na Herufi Mbili

Sibawayhi, Muajemi aliyesomea nahau Basra na kufariki mwishoni mwa karne ya 8, aliacha kitabu kimoja tu, nacho chaitwa Al-Kitab. Mwishoni mwake amezitaja herufi 29 za Kiarabu na mahali 16 zitokapo, tangu kooni hadi midomoni. Mwalimu wake, Al-Khalil bin Ahmad, aliipanga kamusi yake kuanzia ain. Mwanafunzi akaanza na hamza, wala heshima haikumzuia kuhitilafiana naye.

Lawama kubwa anayotupiwa ni kuziweka qafu na twa katika herufi za jahara, ilhali wasomaji wa Kurani wa leo huzitamka bila mtetemo wa koo. Je, alikosea? Hukumu hiyo ni ya haraka. Mabedui wengi hata sasa hutamka qafu kama g. Naye mwenyewe ameeleza kuwa twa ikivuliwa uzito wake huwa dali, wala si te. Basi yaelekea aliandika alichokisikia, na matamko ndiyo yaliyogeuka.

Udhaifu wake umo katika hamza, aliyoihesabu pia kuwa ya jahara. Kipimo chake kilikuwa pumzi, na kazi ya nyuzi za sauti hakuijua. Mhakiki na amlaumu hapo, si pengine.