Nusu ya Singapore

Wanaokinukuu kitabu cha Lee Kuan Yew, From Third World to First (2000), wengi hukinukuu nusu. Huchukua bandari na ofisi zisizodai hongo, wakakiita ushahidi wa soko huria. Mwenyewe hasemi hivyo. Anaeleza waziwazi jinsi sheria ya mwaka 1966 ilivyoipa serikali nguvu ya kutwaa ardhi, na maghorofa yakajengwa. Nilipopita huko niliyaona mtaa baada ya mtaa. Wananchi wapatao 8 katika 10 wanaishi humo, kwa hati za miaka 99. Sura hizo ni nzuri kweli, na zingewafaa wabunge wetu.

Akifika kwa wapinzani, sauti hubadilika. Kesi za kashfa anazitetea kama mhasibu anayefunga hesabu, na hapo mimi simfuati. Mwaka 2001 J. B. Jeyaretnam, aliyekuwa mpinzani wa kwanza kuingia bungeni tangu uhuru, alitangazwa mufilisi kwa kushindwa kulipa fidia, akapoteza kiti chake. Katika bustani ya Hong Lim kuna kona ya wasemaji, lakini mgeni kama mimi hahutubii bila kibali. Kununua saa, naruhusiwa.