Sauti za Kuazima: Peter Sellers na Sanaa ya Mwigo

Ni desturi kumsifu Peter Sellers kwa wingi wa sauti zake. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Mhakiki wa lugha hana budi kuuliza kila sauti iliazimwa kwa nani, na kicheko kilimwangukia nani.

Sellers alizaliwa Southsea, Uingereza, mwaka 1925, mwana wa wasanii wa jukwaani. Mwaka 1948 alimpigia simu mtayarishaji wa redio ya BBC akiigiza sauti za wachekeshaji mashuhuri, kana kwamba wao ndio wanaompendekeza. Hila hiyo ikampatia kazi. Kuanzia 1951 hadi 1960 alivuma katika The Goon Show, ambamo msikilizaji hana uso wa kutazama: sauti peke yake ndiyo mtu.

Katika I'm All Right Jack (1959) alimwigiza kiongozi wa wafanyakazi anayependa maneno makubwa kuliko elimu yake. Hapo usemi unafunua tabaka la mtu na matamanio yake. Katika The Party (1968), kinyume chake, alijipaka rangi akaiga Kiingereza cha Mhindi. Mhusika huyo ana upole unaowashinda wenyeji wake. Hata hivyo lafudhi yake haitwambii lolote ila kwamba yeye ni mgeni. Aliyeigwa hakupewa nafasi ya kumjibu mwigaji.

Inspekta Clouseau ni jambo jingine. Tangu A Shot in the Dark (1964) husema kwa lafudhi ya Kifaransa cha kubuni, ilhali Wafaransa wenzake katika filamu hawana kasoro hiyo, tena mara nyingine hawamwelewi. Basi hachekwi Mfaransa. Anachekwa mtu mmoja anayeamini kwamba cheo chake kinayasahihisha matamshi yake. Msomaji ajuaye Kifaransa atalitambua fumbo la mfasiri: Mfaransa atapewaje lafudhi ya Kifaransa ndani ya Kifaransa?

Katika Being There (1979), miezi michache kabla ya kifo chake cha Julai 1980, alimwigiza mtunza bustani mwenye sauti tulivu isiyo na madoido. Wakubwa ndio wanaoyatia maneno yake maana. Sellers alizoea kudai kwamba nyuma ya sauti zake hamna mtu. Filamu hii yamkanusha. Hapo alipoweka kando karibu silaha zake zote, ndipo kicheko kilipowarudia wenye nguvu, wala hakikumdhalilisha mnyonge.