Fundi wa Kulaza Kuku

Tetea anayetaka kulalia hujulikana mapema, kabla hajagoma kutoka kiotani. Siku mbili tatu kabla, sauti yake hushuka ikawa nzito na ya kukwaruza, manyoya ya shingo humsimama bila sababu, hula kwa pupa kisha hurudi mbio alikotoka. Wengi wetu hatuoni lolote mpaka tumkute kakaa juu ya mayai, macho makali. Jirani yangu mmoja huku Bangwe, Kigoma, bibi aliyezaliwa na kuzeekea kwenye ufuko huu wa Ziwa Tanganyika, humtambua kwa sikio. Huwa ameketi kwenye kigoda anachambua dagaa, uani kakupa mgongo, mara anasema, "Yule mwekundu ameshaingia." Kesho yake ukipeleka mkono kwenye kiota cha mwekundu, unadonolewa.

Kigoma tunajua kuwasifu mafundi wetu. Muunda mitumbwi ana heshima yake, mshona nyavu hujulikana toka Kibirizi mpaka Katonga, na mkamuaji mzuri wa mawese hufuatwa na wateja hadi nyumbani kwake. Anayelea kuku wa uani hasifiwi na mtu. Kuku, tunasema, hujilea wenyewe: wafungulie asubuhi, wafungie jioni, yaliyobaki mwachie Mungu. Kauli hiyo imeua vifaranga wengi kuliko mwewe.

Bibi huyu halazi kuku siku yoyote tu. Hulaza siku za mwisho wa mwezi mwandamo, usiku ukiwa giza totoro na taa za wavuvi zimetapakaa ziwani. Ukimsikia juu juu utadhani ni imani za kale, lakini mketie akuhesabie. Yai la kuku hukaa siku 21. Kuku aliyelazwa mwezi ishirini na saba hutotoa mwezi unaofuata ukiwa umevuka kumi na tano kwa siku chache, mbalamwezi imeanza kuchelewa kutoka, na mitumbwi ya dagaa inarudi kazini. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa dagaa huvutwa na taa, na taa haina nguvu mbele ya mwezi. Kwa hiyo siku zile ambazo watu wazima huzifurahia kwa nuru yake, kwa kuku ni siku za ukame: hakuna chenga chini ya vichanja, hakuna vumbi la dagaa mchangani. Kifaranga anayetoka wakati huo huanza maisha na pumba tupu. Anayetoka giza likirudi hukuta dagaa wa kutwangwa, na wiki zake za kwanza, ambazo ndizo za kuota manyoya na kujenga mifupa, zinapita akiwa ameshiba. Hakuna kitabu cha ufugaji nilichokisoma kinachofunga pamoja mwezi, taa ya mvuvi na yai la kuku. Hesabu hiyo imetungwa hapa, na watu ambao ziwa lilikuwa saa yao.

Mwaka 2024 uvuvi ulipositishwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kalenda hiyo ilikosa kazi. Bibi hakulalamika, na mimi naona ziwa lilistahili kupumzishwa. Aligeukia mchwa. Jioni huchukua chungu kilichopasuka mdomo, hukijaza magunzi ya mahindi na samadi kavu ya ng'ombe, hukinyunyizia maji, kisha hukifudikiza juu ya njia ya mchwa. Alfajiri, kabla jua halijawarudisha chini, hukifunua na kukikung'uta mbele ya vifaranga. Hapo utasikia kelele. Wajukuu wake wawili walijifunza kazi hiyo msimu ule, na nadhani ndio watoto pekee wa mtaa wao wanaoijua.

Kiota nacho kina mpango wake. Chini ni mchanga mkavu wa ziwani, juu majani makavu, na kati ya hivyo viwili majani ya utupa ya kufukuza utitiri. Ni utupa uleule ambao zamani watu waliutia majini kulevya samaki, jambo ambalo sheria inakataza na vizuri iendelee kukataza. Kwenye kiota cha kuku haudhuru kitu ila wadudu. Mayai hukusanywa kila siku, yakasimamishwa kwenye kikapu ncha ikiwa chini, mahali penye ubaridi. Yaliyopita siku kumi huliwa. Yale yanayochaguliwa huwekwa alama ya mkaa, maana matetea wengine wana tabia ya kuja kutaga kwenye kiota cha mwenzao, na yai geni lisipoondolewa litabaki nyuma wenzake wakishatoka, liwe viza. Kuku mmoja hapewi zaidi ya mayai kumi na mawili hata awe mkubwa kiasi gani. "Ampe kila moja tumbo lake," husema bibi, yaani kila yai liguse ngozi.

Wiki ikipita, mayai hupimwa usiku. Zamani ilikuwa kandili. Sasa ni tochi ya simu, na bibi hana kinyongo nayo. Hukunja kiganja, akaweka yai juu ya mwanga, na ndani yake unaona mishipa myembamba myekundu imetawanyika kutoka kwenye doa jeusi lililo hai. Yai lisilo na mbegu hung'aa lote, tupu. Hilo huondolewa na nafasi yake haijazwi. Nimeona watu wazima wakinyamaza kimya wanapoonyeshwa mishipa ile kwa mara ya kwanza, watu waliokula mayai maisha yao yote.

Lakini ufundi wenyewe, kwa maoni yangu, uko kwenye kuchagua. Kulaza kuku anaweza yeyote. Kujua yupi alale na yupi alee ni jambo jingine. Yupo tetea mvumilivu wa mayai ambaye akishatotoa hutembea haraka mno, akawaacha vifaranga wanyonge nyuma. Yupo mwingine anayechoka kulalia wiki ya pili, ila ukimpa vifaranga atapigana na paka mpaka mwisho. Bibi huwalaza kuku wawili au watatu siku moja, na usiku wa kutotoa anahamisha. Gizani hupenyeza vifaranga wa mmoja chini ya bawa la mwenzake, kimyakimya. Alfajiri mama mlezi huamka na wana wengi, akawapokea wote kuwa wake. Mchana hangekubali. Yule wa kwanza huachiwa apumzike, arudi kutaga. Haya hayawezi kufanywa na mtu asiyezijua tabia za kuku wake mmoja mmoja, na tabia hizo huzijui usipokaa uani ukawatazama, mwaka hadi mwaka.

Majogoo ndio mtihani mkubwa. Katika vifaranga wa msimu mmoja karibu nusu huwa madume, na wakifikia umri wa pora hawaachani kwa ngumi. Kwa matetea wanane hadi kumi, jogoo mmoja anatosha. Wengine wana safari zao: Idi, Maulidi, mgeni wa heshima, ada ya shule. Nani abaki? Mtu wa haraka humwacha mkubwa kuliko wote. Bibi humwacha yule anayeokota mdudu, akamwangusha chini, akaita kwa sauti fupifupi mpaka matetea waje wale, yeye mwenyewe asiguse. Humwacha pia yule anayetazama juu. Jogoo mzuri ana mlio wake wa mwewe na mwingine wa nguchiro au mbwa. Wa kwanza vifaranga wakiusikia hujibanza chini ya kitu, wa pili husimama wakanyoosha shingo. Jogoo asiyetofautisha hatari ya juu na ya chini ni nyama tu, hata awe na upanga mwekundu namna gani.

Naye hakai milele. Baada ya mwaka mmoja au miwili mabinti zake wanakuwa wakubwa, na damu ikirudi kwenye damu vifaranga hudhoofika. Hapo bibi hubadilishana jogoo na mtu wa mbali, Ujiji au Mwandiga, kichwa kwa kichwa bila fedha. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na jogoo mgeni kwa bibi hufungwa kweli, kwenye kivuli, mahali matetea wanapita na kumtazama, akikaguliwa kinyesi na macho kama ana ugonjwa. Siku zake zikitimia hufunguliwa usiku, akapandishwa kwenye kichanja katikati ya wenyeji, ili wote waamke wakiwa tayari pamoja.

Juu ya ua wake ametanda nyavu chakavu za dagaa. Mwewe wa Bangwe ni wengi kwa sababu ya samaki wanaoanikwa, na kifaranga kwao ni kitu kidogo cha kuokota njiani. Wavu uliokwisha kazi yake majini hapa hupata kazi ya pili, umefungwa kutoka mnazi hadi mchikichi, na chini yake vifaranga huparua kwenye makapi ya mawese. Kuku wanaokula makapi hayo hutaga mayai yenye kiini cha rangi ya mawese. Aliyezoea mayai ya trei akilivunja moja hudhani limeharibika.

Ujiji tuna mnara na makumbusho ya siku Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Wageni huonyeshwa mahali penyewe, wakasimuliwa salamu walizopeana. Stanley mwenyewe aliandika chakula kilicholetwa siku ile na waungwana wa mji, na kimojawapo kilikuwa kuku wa bizari kutoka kwa Mohammed bin Sali. Nani alimlea kuku yule, hakuna aliyeuliza. Alikuwapo mtu, bila shaka mwanamke, aliyemlaza mama yake na kumficha asinyakuliwe na mwewe. Kila mgeni aliyepokewa vizuri kwenye mji huu wa misafara alipokewa kwa kazi ya mikono ya namna hiyo.

Nisieleweke kwamba nasifu ya zamani kwa kuchukia ya sasa. Mdondo ukiingia kwenye ua usiochanjwa huweza kumaliza kuku wote kwa siku chache, na mitishamba yetu haijapata kuuzuia. Chanjo ya I-2, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia na inayotengenezwa kwetu Kibaha, huvumilia joto kuliko zile za zamani, hivyo inafika hata mahali ambapo jokofu ni la kuazima. Ni tone moja jichoni, kisha linarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Bibi hakosi. Wanaokosa ni sisi tunaojiita wa kisasa: tunanunua kuku aliyesinzia sokoni kwa kuwa ni rahisi, tunamwachia uani siku hiyohiyo, tunamchinja akizidiwa na kutupa utumbo njiani. Ugonjwa unatembea kwa miguu yetu.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Siku hizi wapo kuku chotara, Kuroiler na Sasso, wanaokua haraka na kutaga mayai mengi kuliko hawa wetu wa kienyeji, ambao kwa mwaka hawavuki sana hamsini. Faida hiyo ni ya kweli na familia nyingi zimesomesha watoto kwayo. Ila kuku hao kulalia ni nadra. Mayai yao hupelekwa kwenye mashine na vifaranga hurudi kwenye maboksi, wakiwa na umri wa siku moja, mayatima tangu kuzaliwa. Wamekuwa mzigo kama mizigo mingine. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya bila kibali waliteketezwa kwa moto Namanga, kwa hofu ya magonjwa. Sheria ina sababu zake. Mimi ninachokiona ni kwamba kiumbe kikishahesabiwa kwa boksi, hata kuteketezwa huwa ni kwa boksi.

Mtaalamu mmoja aliwahi kumshauri bibi awatenge vifaranga na mama yao wakiwa wa wiki nne, ili tetea awahi kutaga tena. Hesabu yake ilikuwa sahihi, mizunguko inaongezeka. Bibi alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha chai, kisha akamuuliza, "Mwanangu, na mwewe nani atawafundisha?" Kifaranga aliyeishi na mama hadi afukuzwe mwenyewe anajua mlio wa jogoo maana yake nini, anajua kichaka kipi ni salama. Aliyetengwa mapema huishia kufungiwa bandani, akisubiri bakuli, na mfugaji naye anakuwa mtumwa wa gunia la chakula ambalo bei yake inapangwa mbali na Kigoma.

Baya kuliko yote ni unyoya. Tetea wa kienyeji anapoanza kulalia kwenye nyumba iliyokwisha kununua mashine, huchomekwa unyoya puani, ukapita huku na huku, ili karaha hiyo imsahaulishe mayai arudi kutaga. Wengine huchovywa kwenye ndoo ya maji. Yule yule aliyekuwa akisubiriwa, ambaye sauti yake ilitambuliwa kwa sikio na kufurahiwa na nyumba nzima, sasa ana kasoro ya kutibiwa. Na wanaoshinda kwenye uzao ni wale wasiotaka kulalia, kwa kuwa ndio wanaoachwa wazae. Vizazi vichache vya namna hiyo vinatosha kupoteza kitu ambacho hakuna mtu hapa atakayeweza kukirudisha.

Mtindo wa kuazimana kuku wa kulalia ulikuwa wa kawaida kwetu. Mwenye mayai asiye na tetea aliyeingia alikwenda kwa jirani, akaazima mmoja, na vifaranga wakigawanywa nusu kwa nusu walipoachishwa. Msimu uliopita matetea wa bibi hawakuingia kwa wakati, naye akanituma nimtafutie wa kuazima kabla mwezi haujaisha. Nilianzia Katonga, nikapanda hadi Mwanga, nikateremka Ujiji. Watu walinipokea vizuri, wakanionyesha mabanda yao. Kila nyumba niliyouliza walinipa namba ya simu ya mtu mwenye mashine.