Wino wa Mzingifuri

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya Rumonge, kuelekea Kabezi, huko Mugere kuna jiwe kubwa linalotazama ziwa. Juu yake yamechongwa majina ya wasafiri Livingstone na Stanley, na tarehe: 25 Novemba 1871. Walilala hapo siku mbili, safarini kwenda kuhakikisha kama mto Rusizi unaingia Ziwa Tanganyika au unatoka. Unaingia.

Nikilitazama jiwe lile huwaza karatasi za shajara alizoandika Livingstone miezi michache kabla ya siku ile, kule Nyangwe, Manyema, ng'ambo ya ziwa. Karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Akachukua gazeti kuukuu la London, The Standard, akaligeuza ubavu, akaandika juu ya chapa, kwa wino alioukamua kwenye mbegu za mzingifuri, zile zinazoacha vidole vyekundu. Miaka 140 baadaye wino ulikuwa umefifia hata jicho halishiki kitu ila habari za London.

Msomi Adrian Wisnicki na wanasayansi wenzake hawakuukwangua ukurasa wala kuutia dawa. Waliumulika kwa rangi moja moja ya mwanga, kuanzia ule unaopita urujuani hadi ule unaopita wekundu, na kila rangi ikapigwa picha yake. Huku Kabezi mvuvi wa ndagala anaielewa kazi hiyo: usiku huwasha taa mtumbwini, akangoja, kilichojificha kipande chenyewe. Chini ya mwanga wa buluu, wino wa mzingifuri hukolea. Chini ya miale inayopita wekundu, hutoweka kabisa, ikabaki chapa ya gazeti peke yake. Ukishajua kipi ni chapa, kompyuta yaweza kuififisha, na mwandiko ukasimama wazi. Hesabu hiyo ilifanywa ukurasa kwa ukurasa, na ndiyo ninayoivulia kofia. Mwaka 2011 maktaba ya chuo kikuu cha UCLA, Marekani, iliiweka shajara nzima mbele ya kila msomaji.

Humo ndimo ilimo tarehe 15 Julai 1871, siku watu walipouawa kwa mamia sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake. Habari hiyo ilijulikana tangu zamani, kutokana na kitabu cha shajara zake cha 1874. Lakini kitabu kilifuata nakala ambayo Livingstone aliiandika upya baadaye. Kwenye gazeti, kwa mkono wa siku zile zile, yamo mashaka yake juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Alipokuja kunakili, aliyapunguza.