Mwenye Upondo na Mwenye Mshipi

Fasihi ya Kimarekani ihusuyo uvuvi imezoeleka kutazamwa kupitia bahari kuu. Kitabu cha Hemingway cha 1952 juu ya mzee na samaki wake kimeenea mno, hata ikadhaniwa kwamba mvuvi wa kubuniwa sharti awe peke yake na kilindi kiwe chini yake. Riwaya ya Thomas McGuane, Ninety-Two in the Shade (1973), inakwenda kinyume. Bahari yake aghalabu haivuki goti. Mandhari yake ni Key West, kusini kabisa mwa Florida, na visiwa vya mikoko vilivyotawanyika kandokando yake. Na mvuvi wake hana upweke wa mzee yule, kwa kuwa kazi aitakayo ni kuwavulisha wengine.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulika. Thomas Skelton, kijana aishiye ndani ya bodi la ndege kuukuu, hana hamu ya jingine ila kuwa kiongozi wa wageni wanaokuja kuvua katika maji mafupi. Mkongwe wa kazi hiyo, Nichol Dance, anamfanyia mzaha mbaya. Skelton analipiza kwa kuichoma moto mashua yake. Dance anaapa kumwua iwapo atathubutu kuchukua wageni. Skelton anathubutu, na Dance anatimiza. Kiapo hicho ndicho kimvutacho msomaji wa haraka. Kwa msomaji wa pwani, hata hivyo, utamu wa riwaya umo katika kazi ambayo mtu yu radhi kuuawa kwa ajili yake.

Mashua ya kazi hiyo ni nyepesi, tako lake bapa, iweze kuelea palipo maji haba. Injini huzimwa mbali, maana samaki wa huko hushtushwa na kila kishindo. Kiongozi husimama tezi akiisukuma kwa upondo. Mgeni husimama omo na ufito wake. Aonaye ni kiongozi: kivuli juu ya nyasi za bahari, ncha ya mkia iliyochomoza, maji yaliyokunjana pasipo upepo. Kisha hana budi kukitia kile akionacho katika jicho la mwenziwe, kwa maneno tu, kabla samaki hajageuka. Viongozi wa Florida hutumia uso wa saa: omo ni kumi na mbili, ubavu wa kulia tatu, wa kushoto tisa. (Mswahili angesema omo ni saa sita, kulia saa tisa na kushoto saa tatu, mgeni aliyechanganya hesabu hizi mbili angeirusha ndoana upande usio na samaki.)

Tatizo hilo ni la ushairi hasa. Elizabeth Bishop, aliyewahi kuishi Key West, ana shairi mashuhuri liitwalo The Fish, lililomo katika diwani yake ya 1946, North & South. Humo msemaji amemnasa samaki mkubwa mkongwe, anamchungua hata anaziona ndoana tano kuukuu mdomoni mwake, na mwishowe anamwachilia. Mashua ni ya kukodi, lakini hakuna mtu mwenye upondo. Jicho lililoona na ulimi uliosema ni vya mtu mmoja, na shairi limepata utulivu wake kwa sababu hiyo. McGuane amelichukua lililo gumu zaidi: ameyatenga macho na mkono, akaweka fedha katikati yao.

Basi mgeni hununua nini? Si kitoweo. Tangu 2013 sheria ya Florida imeagiza samaki wawili maarufu wa maji hayo, bonefish na tarpon, warudishwe majini, isipokuwa kwa kibali maalumu kwa huyo wa pili; na hata kabla ya hapo wengi waliwarudisha kwa hiari. Mgeni hununua siku moja ya jicho la mwingine. Skelton hataki kuliona hilo kuwa ni biashara. Ndiyo maana kumpa kwa mgeni wa mwisho Olie Slatt, mchimba madini wa Montana anayetaka samaki wa kutundika ukutani, ni dhihaka kali: kijana anaitoa roho yake kwa ajili ya pambo la sebuleni.

Riwaya ina udhaifu wake. Miranda, mpenzi wa Skelton, amechorwa kwa haraka. Lugha mara nyingine hujitazama katika kioo. Na mikoko, ingawa ipo kila mahali, huonekana zaidi kwa nje, kama ukuta wa kijani wa kupitia. Msomaji wa Pemba au Lamu, ambaye mkoko kwake ni boriti, kuni, kaa na samaki wadogo waliojificha mizizini, atahisi kwamba McGuane hakushuka mashuani akakanyaga tope. Labda ni haki yake: huko Florida kuikata na kuipogoa kumewekewa masharti na sheria ya 1996, na kiongozi wa wageni hana haja nayo ila kuizunguka.

Lau riwaya hii ingetiwa katika Kiswahili, neno la kwanza kuumiza kichwa lingekuwa jina la kazi ya Skelton. Kiongozi lina harufu ya jukwaa la siasa. Mwongoza watalii lina harufu ya hoteli. Nahodha ni mwenye amri, ilhali kijana huyu ni mwenye amri na mtumishi kwa wakati mmoja. Limebaki rubani, neno la aliyeipitisha jahazi miambani mpaka bandarini, kabla halijapaa angani. Rubani aishiye ndani ya bodi la ndege isiyoruka: mfasiri angeokota bure mzaha ambao McGuane, kwa Kiingereza chake, hakuwa nao.