Uamuzi wa Arusha na Soko la Karatina

Ewe msomaji, kama umepata kupita katika soko la Karatina, chini ya Mlima Kenya, bila shaka umeona marundo ya nguo karibu na viazi, kabichi na ndizi. Mboga zimetoka katika mashamba ya jirani. Nguo zimetoka ng'ambo, nazo zimekwisha kuvaliwa na watu tusiowajua. Ndizo tuziitazo mitumba. Koti nilivaalo asubuhi za baridi niendapo kufundisha nililinunua huko. Basi siandiki kama mtu aliye nje ya jambo hili.

Mwezi wa Machi, 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha wakakusudia kukuza viwanda vya nguo na viatu, na kupunguza mitumba mwaka hata mwaka mpaka ikome katika muda wa miaka 3. Nia ilikuwa njema. Nchi ilimayo pamba na kuvaa nguo kuukuu za wengine hufanana na mfugaji auzaye maziwa yote, kisha akawapa wanawe chai isiyo na maziwa.

Lakini uamuzi haupimwi kwa wema wa nia peke yake. Hupimwa siku ya taabu. Siku hiyo haikukawia. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kililalamika kwa serikali yao. Ilikuwapo sheria ya mwaka 2000, iitwayo AGOA, iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru; chama kilidai kuwa nchi zinazozuia mitumba hazistahili tena fadhila hiyo. Kenya, iliyokuwa ikiuza nguo nyingi Marekani kwa njia hiyo, ilirudi nyuma mapema. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda peke yake ilishikilia ushuru wake wa dola 2.50 kwa kila kilo, na Julai 2018 nguo zake zikanyimwa nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Walioingia mkutanoni pamoja walitoka mmoja mmoja.

Wako wasemao kuwa kosa lote ni la Marekani. Ni kweli kwamba mwenye soko kubwa hutoa masharti makubwa. Ndiyo tabia ya biashara ya dunia nzima, ambayo siku hizi huitwa utandawazi. Lakini lawama hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili imo nyumbani mwetu. Hasara ya uamuzi ule haikuwa sawa kwa wote, na Jumuiya haikujiwekea njia ya kuichukua pamoja. Kenya iliogopa kwa kuwa ilikuwa na mengi ya kupoteza; Rwanda ilipoadhibiwa, jirani zake hawakusimama kando yake. Nchi zilishirikiana katika matumaini, hazikushirikiana katika gharama.

Kosa la pili ni la mpangilio. Nanyuki, mji wa mlima huu huu, palikuwa na kiwanda cha nguo kilichoitwa Mountex, kilikufa. Kiwanda cha Rivatex cha Eldoret kilifufuliwa mwaka 2019, mwaka ule ule ambao mitumba ilitakiwa kukoma. Je, mama auzaye mitumba Karatina angeuza nini katika miaka ya kungoja? Na mnunuzi maskini angevaa nini? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ilipasa pamba ya Mwanza na ya Uganda ifumwe kwanza hapa kwetu, nguo iwe sokoni kwa bei ya kufaa, ndipo mlango wa mitumba ufungwe.

Usidhani, msomaji, kuwa haya yamepita. Desemba 2023 Kenya ilitia sahihi peke yake mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya, kwa kuwa wenzake katika Jumuiya hawakuwa tayari. Upande wa pili wa meza zilikuwapo nchi 27, zikisema kwa kauli moja.

Watu wa mlimani na watu wa pwani wote husema kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii twaifundisha darasani kila mwaka, nasi twaisahau mezani. Kwa hiyo usikiapo habari za uamuzi mpya wa Jumuiya, usiridhike kwa kuuliza kama ni mzuri. Uliza pia: mmoja wao akiumizwa kwa ajili yake, wengine watampa nini? Kama hakuna jibu, huo bado haujawa umoja.