Wanzuki ya Tabora na dagaa wa Kigoma: siri iko kwenye maji na chombo

Wajapani wana mvinyo mweupe wa Koshu, unaotokana na zabibu za mkoa wa Yamanashi. Ni mwepesi, una uchachu wa kiasi, na sifa yake kubwa ni kukaa vizuri na samaki bila kumfunika. Sisi wa Tabora tuna wanzuki, pombe ya asali, nayo inastahili kuonjwa kwa umakini uleule. Hapa nachambua inavyotengenezwa, maana namna hiyo ndiyo inayoamua inywewe na chakula gani.

Asali yetu hutoka misitu ya miombo ya Sikonge, Uyui, Urambo na Kaliua, na nyingi bado hurinwa kwenye mizinga ya magome. Mti wa mtundu huchanua kabla mvua hazijakolea, mti wa muva huchanua mvua zikielekea kwisha, hivyo misimu ya kurina ni miwili. Asali iliyoiva ina sukari kiasi cha asilimia 80 na maji chini ya asilimia 20. Kwa ukavu huo chachu haifurukuti. Mpishi akiongeza maji, ndipo inapoamka na kuanza kula sukari.

Kipimo cha maji ndicho uamuzi wa kwanza. Kilo 1 ya asali kwa lita 3 za maji hutoa kama lita 3.7 za mchanganyiko, zenye gramu 216 hivi za sukari kwa kila lita. Chachu hutumia takriban gramu 17 kwa lita kupata asilimia 1 ya kileo. Ikimaliza kazi yote, pombe hufika asilimia 12 au 13 na utamu karibu wote umekwisha. Ukipunguza maji yakawa lita 2, sukari hupanda hadi karibu gramu 300. Chachu nyingi huchoka kabla ya kuimaliza, na utamu hubaki. Ukifikisha lita 5, unapata kinywaji chepesi cha asilimia 8.

Uamuzi wa pili ni usafi wa asali. Naitrojeni, ambayo ni chakula cha chachu, ni haba mno katika asali. Iliyochujwa mpaka ikang'aa huchacha polepole. Iliyokamuliwa pamoja na masega huingia na chavua, na chavua huilisha chachu. Kwa hiyo asali inayopendeza dukani si lazima iwe bora kwenye mtungi.

Sasa tuonje. Mimina kidogo kwenye glasi angavu uielekeze kwenye mwanga. Wanzuki changa ina ukungu na bado inatoa povu. Iliyotulia wiki kadhaa huwa na rangi ya kaharabu. Nusa kabla ya kunywa: nta hutangulia, kisha maua, kisha moshi wa kurinia. Moshi kidogo ni uzuri. Ukizidi, hufunika vyote. Kisha izungushe mdomoni. Changa huanza kwa utamu na kuchoma ulimi kwa mapovu. Iliyokomaa ni kavu, na uchachu wake hukusanya mate pembeni mwa ulimi. Mate hayo ndiyo yanayokuita urudi kwenye sahani.

Changa yenye utamu iwekee michembe ya viazi vitamu na karanga. Kanuni ni kwamba kinywaji kisizidiwe utamu na chakula. Kikizidiwa, huonekana kichachu tupu. Kavu ipelekee uyoga wa miombo uliopikwa na karanga, kwa kuwa uchachu hukata mafuta.

Mtihani mkubwa ni dagaa wa Kigoma. Hawa huja Tabora kwa njia ya zamani: misafara ya Ujiji ilipita hapa kwenda Bagamoyo, na reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Ugumu wao ni shombo. Mwaka 2009 watafiti wa kampuni ya Mercian ya Japani walionyesha kwamba shombo linalobaki mdomoni ukila vitu vya baharini na mvinyo husababishwa hasa na madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo. Mvinyo wenye chuma kidogo hauleti shida hiyo, uwe mweupe au mwekundu.

Tuufuate ushahidi huo mpaka jikoni kwetu. Wanzuki ina tindikali, na tindikali hung'ata chuma. Ikichachia kwenye pipa la bati lenye kutu, inakusanya madini hayo, na dagaa watakaoliwa nayo wako hatarini kuacha shombo hata wakikaangwa vizuri na kukamuliwa limao. Mtungi wa udongo, kibuyu au ndoo safi ya plastiki ya chakula huondoa hatari hiyo. Kwa dagaa, basi, nashauri lita 3 za maji kwa kilo ya asali, ichache mpaka ikauke, isiguse chuma, na inywewe ya baridi.

Wapishi wa wanzuki wanaoanza kuuza kwa chupa waandike mambo matatu kwenye lebo: msimu wa asali, kipimo cha maji na chombo kilichotumika. Mnunuzi akiyajua hayo, atachagua kitoweo kabla hajafungua kizibo.